Kikohozi cha Marehemu

Chumba cha daktari wa viungo kilikuwa na viti viwili vya wagonjwa, na Bibi alikalia kile cha karibu na meza ingawa si yeye aliyekuwa anaumwa. Aliyeumwa ni mkwe wake, mjane wa mwanawe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi kwa kuwa hakukuwa na kichwa mtaani ambacho hakijapita mikononi mwake. Siku hiyo mikono yenyewe ilikuwa imelala mapajani, vidole vimevimba kama kamba iliyopigwa mafundo.

"Ukiamka asubuhi, vinachukua muda gani kukunjuka?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyekuwa akizungumza tangu alfajiri.

"Mpaka jua lipande. Nguo navalishwa na binti yangu. Kuna siku hata sidiria alinifunga yeye."

Bibi alimgusa goti. "Mengine hayana haja ya kusemwa."

"Hapa yote yana haja, bibi," daktari alisema, akaendelea kuviminya vidole kimoja kimoja.

Msusi aliuma midomo. Alipoachiwa mkono, aliuliza swali alilokuwa amekuja nalo kutoka nyumbani. "Hasa ni kitu gani, dokta? Mmoja ananiambia ni baridi, mwingine ananiambia ni kusuka kupita kiasi, jirani yangu anasema nimekanyaga kitu."

"Hujakanyaga kitu. Kinga ya mwili ina namna yake ya kuitana. Chembe moja ikihisi adui, inatoa protini ndogo sana, inakwenda kuziita nyingine: njooni huku, pameingiliwa. Zikifika, pale panavimba, panapata moto, panauma. Ni kazi nzuri kama adui yupo. Kwako wewe protini hiyo inapiga yowe viungoni na hakuna mwizi. Wanaoitika wanafika na marungu, hawamwoni mtu, wanaanza kubomoa nyumba."

"Na huyo mpiga yowe hawezi kunyamazishwa?"

"Ndiyo kazi ya sindano ninayotaka kukupa. Inaikamata protini hiyo njiani, kabla ujumbe haujafika."

Dawa yenyewe haikuwa ya watu wa kipato chao. Hospitali ilikuwa imepata mgawo wa wagonjwa wachache, na jina la Msusi lilikuwa limekaa kwenye foleni hiyo tangu mvua zilizopita. Kwa hiyo daktari alipoanza kuuliza maswali ya mwisho, Msusi alijibu kama mtu anayevuka daraja la ubao mmoja. Ana kisukari? Hapana. Ini limewahi kumsumbua? Hapana. Anatumia dawa nyingine? Za maumivu tu, za duka la dawa.

"Nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

"Kwetu hakuna ugonjwa huo," Bibi alisema kabla swali halijatua.

Daktari hakumtazama Bibi. "Namuuliza mama mwenyewe."

Msusi alitazama mikono yake. Alimwona mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, fundi bomba mwenye mabega mapana yaliyokuwa yamebaki mifupa, kopo la majivu la kutemea katikati ya miguu yake. Akawaona pia wateja wake, na kitana kilichokuwa kikimponyoka kila siku. Baadaye angejitetea moyoni kwamba alisema alivyosema kwa kumstahi mama mkwe. Haikuwa kweli yote. Aliogopa kunyimwa sindano.

"Hakuna," alisema.

Walimchoma kipimo cha kifua kikuu chini ya ngozi ya mkono, hakikuvimba. Picha ya kifua ikatoka safi. Wiki iliyofuata akachomwa sindano ya kwanza.

*

Kabla mwezi haujaisha Msusi alifunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, kuanzia chini hadi shingoni, kisha akavifungua vyote na kuvifunga tena. Binti yake alimkuta hapo mbele ya kioo. Binti alikuwa amejifungua karibuni, amekuja kwa mama yake apate nguvu kabla ya kurudi kwa mumewe, na kichanga kilikuwa begani kikicheua.

"Mama, unacheza?"

"Nacheza," Msusi alisema. "Nipe huyo."

Akakipokea kichanga kwa mikono miwili bila kuhofia kukiangusha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kizaliwe. Akakilaza kifuani na kuvuta harufu ya utosi wake. Bibi aliyekuwa mlangoni aligeuza uso akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Saluni ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara, viti vitatu, vioo viwili, na feni iliyolia kuliko ilivyopuliza. Msusi alikigawana na mwenzake aliyeitwa Mashine, kwa sababu ya mdomo na si ya kasi ya kazi. Siku Msusi aliporudi kusuka nywele nyembamba, mteja wake wa kwanza alikuwa Mwalimu wa Chekechea, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa amemvumilia kipindi chote cha ugonjwa.

"Sasa naweza kusema," Mwalimu alisema, kichwa kimeinamishwa. "Mwezi ule uliniacha na mistari kama njia ya mlevi. Watoto waliniuliza kama nimepigana."

"Ukawaambiaje?"

"Niliwaambia nimeshinda."

Mashine alicheka hadi akaangusha kibanio. Msusi alicheka naye, ameinama, mdomo wake shibri moja kutoka utosi wa Mwalimu, vidole vikichukua nywele tatu, vikizivusha, vikizivuta. Kazi ya kusuka ndivyo ilivyo. Msusi mzuri humpumulia mteja wake kutwa nzima.

*

Kikohozi kilianza wakati wa sindano ya tatu. Mwanzoni kilikuwa cha kukwaruza tu, Msusi akakiita vumbi la nywele za bandia. Kisha alasiri moja, nyumba imetulia, binti na kichanga wamelala, alikuwa uani akisuuza nepi. Kikamjia kutoka chini kabisa: viwili vifupi, halafu kimoja kirefu, kama kiti kinachoburutwa sakafuni.

Alisimama na nepi mkononi ikichuruzika maji. Alikijua. Aliishi nacho miaka miwili upande wa pili wa mto mmoja.

Ndani ya nyumba mlango wa Bibi ulifunguliwa. "Baba?" Bibi aliita. Ndivyo alivyozoea kumwita mwanawe tangu utotoni, kwa jina la kumdekeza. "Baba, umekuja?"

Msusi alisikia kandambili za Bibi zikienda jikoni, sufuria ikiwekwa, kiberiti kikiwashwa. Alipoingia alimkuta mama mkwe amekaa mezani. Mbele ya kiti cha marehemu, kiti ambacho siku hizi waliwekea nguo za kupiga pasi, palikuwa na kikombe cha maji moto kinachofuka. Nguo zilikuwa zimehamishiwa kwenye mkeka.

"Mama, hayo maji ni ya nani?"

Bibi alikitazama kikombe, kisha mkwe wake, na uso wake ukarudi polepole kutoka ulikokuwa. "Ya kwangu," alisema. "Koo limenikauka." Akayanywa yote hapo hapo, ya moto vile vile.

Tangu siku hiyo Msusi alijifunza kukohoa kwenye mto. Lakini kikohozi ni kama mapenzi, hakifichiki, na nyumba ilikuwa na kuta nyembamba. Kila kilipomponyoka, kitanda cha Bibi kililia chumba cha pili, dalili kwamba ameinuka anasikiliza. Hakuja kuuliza. Asubuhi walisalimiana, wakagawana chai, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Blauzi zilianza kumpwaya. Shuka aliliamkia limelowa. Binti alisema, "Mama, umekonda," na Bibi akadakia, "Ni sindano zile. Dawa kali humla mtu kidogo kabla ya kumponya." Msusi alikubali kwa kichwa. Alikuwa akijitazama vidole. Vilikuwa vyembamba, vyepesi, vinatii. Alijua akienda hospitali na kikohozi hicho kitu cha kwanza watakachochukua ni hizo sindano, na alijiahidi kwenda baada ya sikukuu, baada ya mwezi, baada ya wateja waliolipa kwanza kumalizika.

Ijumaa moja alikuwa akimalizia kichwa cha Mwalimu. Kikohozi kilimbana ghafla, akageuka kando lakini hakuwahi vizuri. Alipofungua macho aliona kwenye taulo jeupe lililokuwa begani mwa Mwalimu tone moja jekundu, dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

"Pole," Mwalimu alisema, macho kwenye simu. "Hayo mafua yako yamekuwa mpangaji sasa."

"Hayalipi kodi," Msusi alijibu. Akalikunja taulo pale penye doa, akaendelea kusuka. Vidole havikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

*

Binti alilikuta taulo kwenye beseni.

"Hii damu ya nani?"

Msusi alikuwa amempakata mjukuu. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Binti alianza kuwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayegundua kwamba wenzake wamekuwa wakizungumza lugha asiyoijua.

"Ya kwangu," Msusi alisema. "Mchukue mtoto, mwanangu. Mchukue, kakae naye uani."

"Mama, una nini?"

"Alichokuwa nacho baba yako."

"Baba alikuwa na moyo."

Ungo ulisimama. "Baba yako alikuwa na moyo," Bibi alisema. "Moyo wake ulichoka."

"Alikuwa na kifua kikuu," Msusi alisema.

Alilisema taratibu tu, lakini chumbani lilikuwa kama mtu aliyebisha hodi baada ya miaka. Bibi aliweka ungo chini, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Binti alibaki amesimama, mkono kifuani upande wa kushoto.

"Nilikuwa mdogo, mkaniambia ni moyo," alisema. "Nikipanda ngazi na mapigo yakinienda mbio, huwa nakaa chini nasubiri kufa. Wakati wa kujifungua niliwaambia wakunga wote: angalieni moyo wangu, kwetu tuna moyo. Na mlijua."

Binti akamtwaa kichanga kutoka mikononi mwake, akamfuta uso kwa kiganja, akamfuta tena, na tena.

*

Safari hii Msusi aliketi kwenye kiti cha karibu na meza. Alikuwa na barakoa. Daktari naye alikuwa na barakoa, na dirisha lilikuwa wazi. Majibu ya makohozi yalikuwa yamerudi.

"Nilikudanganya," Msusi alisema kabla hajaulizwa. "Mume wangu alikufa nacho. Mimi ndiye niliyemuuguza."

Daktari aliliandika hilo kwenye faili. "Na hizo dawa za maumivu ulizosema. Zikoje?"

"Vidonge vidogo, vyeupe. Nikinywa, uvimbe unashuka."

"Hivyo vinaishusha kinga yenyewe. Ndiyo maana kipimo cha ngozi hakikuvimba, kinga haikuwa na nguvu ya kujibu. Nilipaswa kukuuliza uvilete nivione. Sikuuliza." Alivua miwani, akayasugua macho. "Tungejua mambo hayo mawili, ungepewa kwanza dawa za kuzuia, ndipo sindano."

"Sindano ndiyo imenipa?"

"Haikukupa. Ulikuwa nacho. Ukiishi na mgonjwa wa kifua kikuu unaweza kuvuta vijidudu vyake, kinga ikavizungushia ukuta mapafuni, vikalala humo hata miaka kumi bila kukudhuru. Lakini ukuta huo haujisimamii wenyewe. Walinzi lazima waambiwe kila siku: kaeni hapo, msiondoke. Na anayewaambia ni protini ile ile iliyokuwa inapiga yowe kwenye vidole vyako."

Msusi alilifikiria jambo hilo. "Viungoni alikuwa mwongo, kifuani alikuwa mlinzi."

"Tukamnyamazisha kote kote. Sindano haijui kuchagua."

Nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Msusi alingoja mpaka mlio ukapita.

"Kwa hiyo vijidudu hivi ni vya kwake. Vya mume wangu."

"Siwezi kukuapia. Lakini inaelekea hivyo."

"Basi amekuwa humu muda wote," Msusi alisema, akaweka mkono kifuani. "Nililala upande mmoja wa kitanda nikijua niko peke yangu."

Daktari alimwandikia dawa za miezi sita, zisirukwe hata siku moja. Sindano ikasimamishwa. Msusi alikuwa ameshajua, lakini aliuliza vilevile kuhusu mikono, na akajibiwa kwamba itarudi kuuma, atapewa za kutuliza, mengine yataangaliwa baada ya kifua kupona. Kisha daktari akamwambia jambo alilokuwa akiliogopa zaidi. Kila aliyelala naye nyumba moja, na kila aliyekaa naye karibu kwa muda mrefu chumba kimefungwa, apimwe. Kichanga kwanza.

*

Kichanga kilianzishiwa dawa ya kuzuia, ya kusagwa na kuchanganywa na maziwa ya mama kwenye kijiko. Binti alikuwa mzima. Aliwaambia wauguzi ukweli wote, akamwambia na mumewe, na mumewe akawaambia wazazi wake. Siku ya pili gari la kukodi lilisimama mlangoni. Binti alibeba mtoto na mabegi mawili. Msusi alimsindikiza kwa macho kutoka dirishani, kwani aliambiwa asisogee.

"Mama, sijakuchukia," binti alisema akiwa nje, akizungumza na wavu wa dirisha. "Ila sasa hivi siwezi kukuangalia."

"Nenda, mwanangu. Mtoto asipigwe na jua."

Bibi alikataa kupimwa. Alisema mtu wa umri wake hapimwi, husubiriwa. Jioni hiyo Msusi alisimama mlangoni kwa mama mkwe, barakoa usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuomba ruhusa ya kuzungumza.

"Kesho nakwenda saluni kuwaambia wateja."

"Ukawaambie nini?"

"Kwamba naumwa nini. Wapime."

"Wakikuuliza umekitoa wapi?"

"Nitawaambia."

Bibi alikuwa amekaa kitandani, miguu haifiki chini. "Alipoanza kwenda kuchukua vidonge," alisema, "jirani alimwona kwenye foleni. Kesho yake hakuna aliyechota maji baada yetu bombani. Bomba alilolifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake. Nikamwambia, baba, acha kwenda kule, nitakutafutia dawa nyingine, utapona kimya kimya."

"Najua, mama. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo na hukusema kitu."

"Sikusema kitu," Msusi alikubali. "Ndiyo maana kesho nakwenda."

*

Alisimama nje ya saluni, kwenye baraza, akaugonga mlango uliokuwa wazi. Mashine alikuwa akimsuka Mwalimu wa Chekechea. Wateja wengine wawili walikuwa wakisubiri na magazeti ya zamani.

"Ingia bwana, unabisha hodi kwako?" Mashine alisema.

"Siingii. Nina kifua kikuu. Nilikuwa nacho wakati nawasuka. Hospitali wanataka mkapime wote, ni bure, na ukikutwa huna ugonjwa lakini umevuta vijidudu kuna dawa ya kuzuia."

Feni ililia. Mmoja wa wateja waliokuwa wakisubiri aliweka gazeti chini kwa ncha za vidole, kama lililokuwa na uchafu, akatoka akipita mbali na Msusi kadiri baraza lilivyoruhusu. Wa pili akamfuata.

Mwalimu alikaa akimtazama kupitia kioo. "Ile Ijumaa," alisema. "Taulo ulilikunja."

"Nililikunja."

"Mimi nina watoto thelathini darasani. Nawapakata."

Aliinuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa mistari mizuri inayong'aa mafuta, nusu nyingine ilikuwa imesimama kama moto. Mashine alishika kitana hewani. "Mwalimu, ngoja basi nikufungie hata kilemba." Mwalimu hakungoja. Alishuka barazani na kichwa chake hivyo hivyo, akapita katikati ya barabara, kwenye duka la vocha, kwenye wauza matunda, na watu waligeuka kumtazama hadi alipokata kona. Angeweza kucheka mtu. Hakucheka hata mmoja.

"Nenda nyumbani, dada," Mashine alisema hatimaye, bila kumtazama. "Mimi nitafunga. Nitakwenda kupima kesho."

Majibu yalikuja vipande vipande, kwa simu na kwa wapita njia. Mashine alikuwa amevuta vijidudu, hakuumwa, akaanza dawa. Mwalimu alikuwa safi, na darasa lake pia. Alituma mtu kusema hivyo, mwenyewe hakuja. Saluni ilipofunguliwa tena ilikuwa na jina jipya mlangoni na Mashine peke yake ndani.

*

Msusi aliumeza mgao wake wa vidonge kila asubuhi. Mkojo ukawa mwekundu, tumbo likachafuka. Mikono ilirudi ilikotoka. Kwanza vidole vya kati, halafu viganja, hatimaye akashindwa kukamata kikombe kwa mkono mmoja. Alivaa madera yasiyo na vifungo. Kuna asubuhi alilala amekunja ngumi asizoweza kuzikunjua, akasikiliza kifua chake kikitulia siku hadi siku, na akajikuta akivionea wivu vidole vya mwanamke yule aliyekuwa anakufa miezi michache nyuma, vilivyokuwa vyepesi kama ndege.

Katika siku hizo Bibi alibadilika kwa namna ambayo hakuitangaza. Alianza kuja na vidonge kwenye kisosi, kila kimoja ameshakitoa kwenye karatasi yake kwa sababu mkwe hakuweza kuvikwanyua, akasimama hapo mpaka vyote vimeshuka. "Fungua mdomo," alisema, kama kwa mtoto. Kisha siku moja alivaa nguo zake za kutokea, akaondoka bila kuaga. Alirudi jua limeinama, kandambili zina vumbi, akakaa mezani bila kufungua mtandio.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kwa wakwe wa binti yako."

Msusi alisogea karibu. Daktari alishasema hawezi tena kumwambukiza mtu, lakini bado aliacha nafasi ya kiti kizima kati yao, kwa mazoea. "Ulikwenda kufanya nini?"

"Kuwaambia mimi ndiye niliyewaficha. Wasimchukie mtoto wa watu, kosa si lake wala la mama yake peke yake." Bibi alipapasa kitambaa cha meza. "Nikawaambia nimeshapima. Jana nilikwenda. Hawakukuta kitu. Mzee kama mimi, nimelala nyumba moja na mwanangu mpaka mwisho, hakuna kitu."

"Wakakupokeaje?"

"Vizuri. Mama mkwe wake ana adabu. Alinipa maji, akanipa na mjukuu nimpakate kidogo. Amenenepa. Nilipotoka nikakumbuka nimesahau mwavuli, nikarudi. Nikamkuta anaivunjia ile glasi niliyonywea kwenye pipa la taka. Alikuwa ameifunga gazeti ili isilie."

Msusi alifumba macho.

"Sikumwambia kitu. Nilichukua mwavuli, nikamwambia kwaheri mama. Njia nzima nilikuwa nakumbuka watu walivyokuwa wanamfanyia hivyo mwanangu, na mimi nikimwambia avumilie, asiende kule, asionekane. Mwenyewe nimevunjiwa glasi moja tu, na ilinibidi nikae kando ya barabara."

Nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na mtoto wa kulia, wala mtu wa kukohoa. Bibi aliinua kichwa, akasikiliza kuelekea chumbani, jinsi alivyokuwa amesikiliza miezi yote ile, na Msusi aliona akingoja kitu ambacho hakikuja.

"Hakohoi tena," Bibi alisema.

"Hakohoi, mama."

"Mwanangu alikuwa na kifua kikuu," Bibi alisema. "Alikuwa anapona, nikamzuia."

Ndipo alipolia, kilio cha msibani, cha mwili mzima, ambacho siku ya mazishi watu walimsifu kwa kukizuia. Msusi akaivuka ile nafasi ya kiti iliyokuwa kati yao. Alitaka kumshika mabega lakini vidole vilikataa kufunguka, kwa hiyo akayawekea ngumi zake mbili zilizovimba, akazibana hapo, zikimuuma, mpaka giza lilipoingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.